Kuhusu maeneo tutakayotembelea Alaska

Ndugu wanakikundi,

Baada ya kupitia mapendekezo yenu, naona ni vyema Hifadhi ya Taifa ya Denali ichukue siku nyingi zaidi katika ratiba yetu. Ndani yake umo mlima Denali, wenye mita 6,190, ambao ndio mrefu kuliko yote Amerika Kaskazini, ingawa mawingu huuficha mara nyingi kiasi kwamba mgeni wa siku moja anaweza kuondoka bila kuuona. Barabara ya hifadhi ina urefu wa takribani kilomita 148, lakini wakati wa kiangazi magari binafsi huruhusiwa kilomita 24 za mwanzo tu, na mbele ya hapo husafiriwa kwa basi. Agosti 2021, maporomoko ya ardhi ya Pretty Rocks yaliifunga karibu na katikati yake, kwa hiyo nitauliza mabasi yanafika wapi kabla hatujalipia chochote. Kanuni ya kukaa angalau mita 275 kutoka kwa dubu haina mjadala, hata kwa wapenda picha (mnajijua).

Waliopendekeza Gates of the Arctic wakumbuke kwamba hifadhi hiyo haina barabara wala njia za miguu zilizotengenezwa, na wengi huingia kwa ndege ndogo. Binafsi sioni kama inatufaa safari hii. Tofauti na hiyo, Barafuto ya Exit (mto wa barafu), karibu na mji wa Seward, hufikika kwa gari.

Naomba maoni yenu kabla ya Ijumaa.