Ramani ya mtandao ni mali ya mwenye jengo, si ya fundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja linalotugharimu hapa Moshi, na naamini hata kwa jirani zetu wa Arusha, kila mara shule, zahanati au chama cha ushirika kinapobadilisha fundi wake wa kompyuta: fundi anaondoka, na ramani ya mtandao, yaani mchoro wa vifaa vinavyounganisha kompyuta za jengo na njia za kebo zake, inaondoka naye kwa sababu ilikuwa kichwani mwake tu. Nayasema haya nikiwa mmoja wa mafundi hao, na nakiri kwamba miaka yangu ya mwanzo nami niliacha majengo ya watu bila karatasi hata moja.

Wakati wa masika niliitwa katika taasisi moja ya hapa mjini, ambayo sitaitaja. Kompyuta zote zilikuwa zimegoma tangu asubuhi, mhasibu hawezi kutoa stakabadhi, na foleni imefika barazani. Ndani ya kabati la vifaa nilikuta swichi ya mtandao, kifaa kinachounganisha kompyuta za jengo, yenye poti (matundu ya kuchomeka kebo) 24, taa zake zote zikipepesa kwa pamoja bila kupumzika, dalili ambayo fundi yeyote anaijua: mahali fulani kuna kitanzi, yaani kebo imetoka kwenye swichi na kurudi kwenye swichi hiyohiyo, na ujumbe unaotumwa kwa wote unazunguka humo ukijizidisha mpaka njia inajaa. Kinga ya hali hiyo ilibuniwa na Radia Perlman wa Marekani mwaka 1985, lakini katika swichi ile mtu alikuwa ameizima, na sababu yake aliondoka nayo.

Kuipata kebo yenye tatizo kulichukua robo saa tu, kwa kuchomoa moja baada ya nyingine hadi taa zikatulia. Ofisi nyingine zikarudi kazini, isipokuwa ya mhasibu, ambaye alitegemea kebo hiyohiyo. Shida ilikuwa kujua inakoelekea. Kebo zote zilikuwa za buluu, hakuna yenye lebo, na zote zilipandia darini kupitia tundu moja. Nilipata jibu kesho yake mchana, nikiwa juu ya ngazi, kichwa ndani ya dari, katikati ya vumbi na kinyesi cha popo: kiswichi cha poti tano kimelazwa juu ya ubao, na kebo fupi imechomekwa poti ya pili na ya nne ya kiswichi hichohicho. Nani alikiweka? Hakuna aliyejua kwamba kipo.

Linalouma zaidi ni kwamba programu za kuchora ramani za mitandao si ngeni wala si lazima ziwe ghali. Kwa anayetaka kuchora kwa mkono wake ipo Visio, iliyotoka mwaka 1992 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2000, na kwa asiye na fedha ya leseni ipo draw.io, ambayo ni ya bure. Zipo pia zinazoutafuta mtandao zenyewe. Nmap inapatikana bure tangu mwaka 1997, na The Dude hutolewa bure na MikroTik ya Latvia, kampuni ambayo ruta zake, vifaa vinavyounganisha mtandao mmoja na mwingine, zimejaa katika makabati yetu. Programu ya namna hii hubisha hodi kwenye kila anwani, yaani namba ya kutambulisha kifaa, ambazo katika mtandao wa kawaida wa ofisi ni 254, ikasikiliza nani anaitika. Kisha zile zinazotumia itifaki ya SNMP, lugha ya kuviuliza vifaa vya mtandao habari zao, huziuliza swichi na ruta zinasikia vifaa gani kwenye kila poti na jirani zao ni akina nani, na kutokana na majibu hayo huchora vifaa na mistari inayoviunganisha.

Hata hivyo nawasihi wakuu wa taasisi wasidanganyike na mchoro mzuri uliotoka kwenye mashine kwa dakika kumi. Kiswichi kama kile cha darini hakina anwani yake, kwa hiyo hakiitiki hodi wala hakionekani. Programu itaonyesha tu kwamba poti moja ya swichi kubwa ina vifaa kadhaa nyuma yake, na fundi makini akiona hivyo anajua kuna kitu kimejificha njiani. Kompyuta nyingi zimewekewa kinga ya kutoitika kabisa. Programu haijui rangi ya kebo, haijui chumba, wala haijui kwamba kebo ya shaba iliyovutwa hadi jengo jipya imepita mita 100, ambao ndio mwisho wake. Ndiyo maana mimi huchapisha mchoro wa mashine, nikauchukua na kalamu nyekundu, nikatembea nao chumba kwa chumba kabla ya kuuchora upya.

Wapo mafundi wenzangu wanaosema kumwachia mteja ramani ni kujikatia riziki. Siafiki. Mteja aliyekaa siku mbili bila stakabadhi kwa ajili ya kebo isiyo na lebo hakuiti tena, na sifa yako anaitangaza mpaka sokoni Mbuyuni. Hofu ya wakuu kwamba ramani ikiibwa itamwongoza mwizi ina uzito zaidi, na dawa yake ni kuifungia ramani mahali salama na kutoandika nywila yoyote juu yake. Fundi naye asianze kupekua mtandao wa mtu kabla ya kupewa idhini ya maandishi, kwa kuwa kuingia kwenye mfumo wa mwingine bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na taasisi nyingi huandika mikataba yao ya matengenezo kwa kuufuata. Napendekeza kila mkataba wa namna hiyo uwe na kifungu hiki, ambacho yeyote anaruhusiwa kukinakili kama kilivyo: “Malipo ya mwisho yatafanyika baada ya fundi kukabidhi ramani ya mtandao, iliyochapishwa na pia katika faili linaloweza kuhaririwa, ikionyesha kila swichi, kila kebo na chumba inakoishia, na baada ya mwakilishi wa taasisi kuchagua kebo tatu yeye mwenyewe na kuzikuta mahali ramani inaposema.”

Fundi wa mitandao ya kompyuta,
Majengo, Moshi