Barua kwa Mwanangu Akinyi: Nzi wa Kaharabu na Nzi wa Ahero

Kisumu

Mwanangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta ukiwa mzima wa afya. Sisi hapa nyumbani hatujambo; mama yako anakusalimu sana, na nyanya yako kila siku anauliza mtafunga chuo lini. Barua yako nimeisoma na kuirudia, hasa pale unaposema kwamba mmepewa kazi ya kueleza kwa maandishi spishi ya nzi iliyotoweka duniani na kuhifadhiwa ndani ya kaharabu, yaani utomvu wa miti ya kale uliokuwa mgumu kama jiwe, na kwamba unaona jambo hilo liko mbali mno na maisha yetu ya huku Kano. Mimi nimekula chumvi nikihudumia wakulima wa mpunga wa Ahero, na naona jambo hilo liko karibu nawe kuliko unavyodhani.

Ikiwa umeachiwa uchague mwenyewe, chagua Prosphyracephala succini. Ni nzi mdogo wa jamii ya Diopsidae, wale ambao macho yao yako kwenye ncha za vikonyo viwili vilivyochomoza kushoto na kulia kwa kichwa, mithili ya ndoo mbili kwenye ncha za mpiko. Hupatikana katika kaharabu ya pwani za Bahari ya Baltiki, ambayo umri wake unapita miaka milioni 34. Zama hizo Ulaya ya kaskazini ilikuwa na joto na misitu minene iliyotiririsha utomvu. Mdudu aliyetua penye utomvu mbichi alinaswa, utomvu mwingine ukamfunika, na baada ya kufukiwa ardhini kwa muda mrefu utomvu huo ukakauka na kuwa mgumu pamoja na mfungwa wake. Mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Loew, aliipa spishi hiyo jina mwaka 1873, na mwaka 1965 Mjerumani mwingine, Willi Hennig, akaiundia jenasi yake, yaani kundi la spishi zilizo karibu kiukoo.

Sasa fikiria mahali walipo ndugu zake walio hai. Ulaya wamebaki wachache sana, akiwemo mmoja aliyeelezwa kutoka Hungary mwaka 1997, lakini wengi wao wako katika nchi za joto za Afrika na Asia. Nasi tunao. Nzi wa jenasi ya Diopsis hukaa kwenye majani ya mpunga, na buu wake hutoboa shina changa hadi jani la katikati linyauke na kufa, ilhali majani ya nje yangali mabichi. Mkulima huiona hasara hiyo, lakini ni nadra kumpata aliyeinama kumtazama nzi mwenyewe.

Ukimtia kwenye chupa ya kioo na kumtazama kwa lenzi, usiishie kustaajabia urefu wa vikonyo. Tazama ncha ya kikonyo, hapo karibu na jicho: utaona kipapasio kidogo kimeota juu ya kikonyo chenyewe. Zipo jamii nyingine za nzi ambazo macho yao yametanuka kando vilevile, lakini vipapasio vyao vimebaki katikati ya uso; kwa Diopsidae, macho na vipapasio vimehama pamoja. Na ukibahatika kumkuta anapotoka tu kwenye ganda la bundo, yaani hatua iliyo kati ya buu na nzi kamili, utaona vikonyo bado vifupi na laini, kisha anavivuta virefuke kwa kusukuma hewa ndani yake, na muda si muda vinakauka katika urefu atakaokuwa nao maisha yote. Kwangu mimi, hakuna kitu cha kupendeza zaidi katika shamba zima la mpunga.

Basi yule wa kaharabu vikonyo vyake ni vifupi ukilinganisha na vya Diopsis wetu, na hapo ndipo thamani yake ilipo, kwa sababu anatuonyesha umbo la jamii hii lilivyokuwa zamani sana. Mwaka 2009 mtafiti Marion Kotrba alichapisha uchunguzi wa nzi hawa wa kaharabu ya Baltiki, akaonyesha kwamba tofauti za maumbile kati ya dume na jike zilikuwa zimekwisha kuanza enzi zile.

Kuhusu namna ya kumweleza, nakusihi uandike kile tu ambacho jicho lako limekiona. Wadudu wa kaharabu ya Baltiki mara nyingi hufunikwa na utando mweupe kama maziwa, ambao huficha upande mmoja wa mwili; ikiwa mguu wa kushoto hauonekani, sema hauonekani, usiuchore kwa kuukisia kutokana na ule wa kulia. Eleza mpangilio wa mishipa ya bawa, miiba ya mgongoni, unene wa mapaja ya miguu ya mbele, na mahali hasa ambapo kila unywele mgumu umeota. Usitegemee kwamba vinasaba vitakuja kusahihisha makosa yako. Mwaka 2013 watafiti wa Manchester walijaribu kupata vinasaba kutoka kwa nyuki waliohifadhiwa katika sandarusi, ambayo ni utomvu mchanga kabisa ukilinganisha na kaharabu, na hawakufanikiwa. Umbo ndilo ushahidi tulio nao.

Nikitaja sandarusi, nakuonya pia juu ya wauzaji, kwa maana wapo wanaoiuza kwa jina la kaharabu. Itone tone la spiriti: sandarusi hunata juu, kaharabu hainati.

Hata wakubwa wamewahi kudanganywa. Katika mkusanyiko wa Loew huyohuyo kulikuwa na kipande cha kaharabu chenye nzi, ambacho baadaye kilifika kwenye makumbusho ya historia ya asili ya London, na mwaka 1966 Hennig alikichunguza akakikubali kuwa cha kweli, akishangaa kwamba nzi huyo ni Fannia scalaris, nzi wa vyooni ambaye bado yuko hai leo. Mwaka 1993 mtafiti Andrew Ross alikuwa akikitazama kwa hadubini, joto la taa likafichua ufa uliomzunguka nzi. Kumbe mtu alikuwa amekata kaharabu vipande viwili, akachimba shimo, akamtia nzi wa siku zile na kugandisha tena. Ross aliweza kuufichua udanganyifu huo kwa sababu kipande chenyewe kilikuwa kimetunzwa mahali pa kuonekana na yeyote. Kwa hiyo katika maelezo yako taja wazi kipande unachokieleza kimehifadhiwa wapi na kwa namba gani.

Likizo ikianza, njoo na lenzi yako na nakala ya mchoro wa bawa la Prosphyracephala. Nitamwomba mmoja wa wakulima wetu atuache tupite kandokando ya mfereji wake asubuhi, kabla jua halijawa kali, tumkamate Diopsis mmoja dume na mmoja jike, nawe uwachore kwanza hao walio hai kabla hujaandika sentensi ya kwanza juu ya aliyekufa.

Ni mimi baba yako.