Mpwa wangu, usimwandike Pinchback peke yake

Mpwa wangu,

Uliniambia kuhusu P.B.S. Pinchback kwa furaha: mtu Mweusi wa kwanza kuwa gavana wa jimbo la Marekani, mwezi mmoja na siku chache. Nilifurahi nawe. Ila insha yako ikiishia hapo utakuwa umewaacha nje waliolipa gharama ya uchaguzi wa Louisiana wa 1872, ndiyo maana nakuandikia hadharani, na wenzako wasome.

Pinchback hakupigiwa kura ya ugavana. Alishika kiti Louisiana Desemba 9, 1872, baada ya bunge la jimbo kumshtaki gavana Henry Clay Warmoth na kumsimamisha. Ugomvi ulikuwa juu ya kura za ugavana za Novemba. Warmoth, Mrepublican aliyekiasi chama chake, alikuwa upande wa John McEnery, mgombea wa muungano wa Wademokrati na Warepublican waasi. Mgombea wa Warepublican alikuwa William Pitt Kellogg. Bodi ya kuhakiki matokeo ikagawanyika, kila kundi na mshindi wake. Januari 1873 wakaapishwa magavana wawili New Orleans, kila mmoja na bunge lake. Baadaye Rais Grant akasimama na Kellogg.

Sasa fikiria maana yake vijijini. Magavana wawili ni masherifu wawili, mahakimu wawili, kila mmoja ana karatasi ya uteuzi mkononi. Huko Colfax, katika Grant Parish (parish ni kama wilaya Louisiana), wanaume Weusi, hata miaka kumi haijapita tangu utumwa ufutwe, walichimba mahandaki kuizunguka mahakama ili kuwalinda maofisa wa Kellogg. Jumapili ya Pasaka, Aprili 13, 1873, wazungu wenye bunduki na mzinga mdogo waliwavamia, wakalichoma jengo. Waliojisalimisha waliuawa. Usiku mateka wakapigwa risasi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 60 hivi na kupita 150. Wazungu waliokufa ni watatu.

Walioshtakiwa walikaribia mia moja. Waliotiwa hatiani ni watatu tu, na mwaka 1876 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawaachia: ilisema ulinzi wa haki katika Marekebisho ya 14 ya Katiba unamhusu mtu dhidi ya serikali ya jimbo, si dhidi ya raia wenzake. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, mwanangu. Waliobaki hai waliambiwa wakaombe ulinzi kwa jimbo lilelile lililoshindwa kuwalinda.

Mwaka 1950 pakasimamishwa kibao Colfax kilichoyaita mauaji yale ghasia, na kuyasifu kwamba yalimaliza utawala mbovu Kusini. Kilisimama hadi 2021.

Nitumie rasimu ukishaiongeza Colfax.

Mjomba wako