Krismasi njema kutoka kwenye migomba, Bukoba

Heri ya Krismasi jamaa zangu wote, mlioko Dar, Mwanza, Arusha, na nyie ambao nauli imewakwamisha mwaka huu, tunawakumbuka sana. Sisi tumefika salama, senene wapo, ndizi zipo, mvua haikati.

Sasa jana jioni nimekaa barazani nawaangalia wazee wanakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikajikuta nawahesabu, wanaume saba wote wamevuka 60 na mmoja ana 81. Labda kwenu ni kitu cha kawaida ila kwetu sio. Mimi nimekulia miaka ya 90, Krismasi ilikuwa bibi na wajukuu, wanaume wa rika la baba hamna, makaburi yao yako hapo hapo kwenye kibanja unayapita ukienda kukata ndizi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walionekana huku Kagera 1983, watu wakauita Juliana, na wale vijana waliokuwa na miaka 20 na kitu kipindi kile ndio leo wangekuwa wazee wetu.

Hata sensa inaonyesha. Ya 1988 ilikuta wastani wa Mtanzania kuishi ni miaka 50, ya 2002 ikakuta 51, yaani miaka 14 tumesogea mmoja tu jamani! Halafu 2012 tukafika 61. Najua wastani unapandishwa sana na watoto wachanga kuacha kufa, chanjo na vyandarua vimefanya kazi kubwa, lakini huku kwetu muulize yeyote atakwambia ni ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, zilipoanza kutolewa bure 2004 tukaona watu waliokuwa wanabebwa wameamka wakarudi kulima. Kati ya hao saba wa jana wapo wanaomeza dawa mpaka leo na wanaishi vizuri tu.

Kinachoniumiza ni kwamba sisi wanaume bado tunatangulia. Sensa hiyo hiyo ya 2012 wanawake walituzidi kama miaka minne, na sababu mojawapo tunaijua, mwanaume haendi kupima mpaka azidiwe, ndio maana 2018 serikali ikaleta kampeni ya Furaha Yangu kutusukuma sisi hasa tukapime. Sasa hivi ni presha, sukari, tezi dume, na vijana wetu na bodaboda. Mjomba wangu anakojoa kwa shida tangu Pasaka, amekaa kimya miezi yote hiyo, jana ndio kaniambia pembeni kwa sauti ya chini kama vile ameiba kitu.

Tarehe 27 nampeleka hospitali, amekubali. Nyie mlio karibu na baba zenu leo, wakishakula wavuteni pembeni muwaulize, na kama hawako karibu wapigieni simu.

Senene wa kukaanga nimewawekea kandoo kadogo, nashuka nao tarehe 30. Krismasi njema waitu, na Mungu atuvushe wote na wazee wetu.