Shukrani kwa dada wa koti jeupe, Muhimbili

Dada yangu, jina lako sikulishika, lakini nakushukuru kutoka moyoni. Pale MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Upanga, Dar es Salaam, nilisimama pembeni ya meza ya TAMSA, chama cha wanafunzi wa udaktari Tanzania, nikiona haya kuuliza. Ukaniita, "Mdogo wangu, njoo." Hukunipa fomu ya kujiunga tu. Ulinikalisha, ukanifunga mkanda wa kipimo cha presha vidole viwili juu ya kiwiko, ukanieleza: mtu apumzike dakika 5 kwanza, asiongee, asikunje nne. Mama yangu ana presha, na sijawahi kuona akipimwa kwa utulivu ule! Leo mimi ni mwanachama, na tukienda kupima watu bure, nawapumzisha kwanza. Mungu akubariki sana, dada, akufikishe salama kwenye udaktari wako.