Kwa ndugu yangu uliyekwenda kupaka chokaa Ufaransa

Nduyangu,

Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Nakuandikia hadharani kwa sababu ujumbe wa simu unausoma na hujibu, na zile alama mbili za buluu nimezichoka. Hapa angalau marafiki zako wakisoma watakuuliza.

Nimeziona picha. Umevaa suruali ya kazi, nyundo mkononi, mnabandua saruji kwenye ukuta wa mawe wa nyumba ya bibi mmoja huko kijijini. Umeeleza vizuri sana: kwamba nyumba kama hizo nyingi zilipakwa saruji baada ya vita, watu wakidhani ndiyo maendeleo, kwamba saruji huliziba jiwe, unyevu unaopanda kutoka ardhini ukakosa pa kutokea, na ukuta ukaoza kwa ndani. Sasa mnairudisha chokaa. Watu wamekusifu. Na mimi nilikupigia dole, sijui kama uliona.

Nakusifu tena, bila kejeli. Mtoto wa Mkomani, hapa Lamu, kulala kwenye hema ugenini na kuamkia kazi ya sulubu isiyo na mshahara si jambo dogo. Ulipomsimulia mama habari za yule Mswisi, Pierre Cérésole, aliyekusanya watu mwaka 1920 karibu na Verdun, huko huko Ufaransa, Wajerumani wakiwemo, wakawajengee wanakijiji waliovunjiwa nyumba na Vita vya Kwanza vya Dunia, mama alitokwa na machozi. Alisema, "Hawa ndio watu." Nimesoma habari zake mwenyewe baadaye. Hukumwambia kwamba kazi ile ilidumu miezi michache tu, kwa kuwa wenyeji hawakutaka kujengewa na Mjerumani. Mimi ningependa kuwasikia wale wenyeji.

Lakini hili la kulipa limenishinda. Ulisema mwenye kujitolea hutoa mchango wa chakula na malazi kila siku, na nauli ni juu yake. Yaani ulilipa ili ukafanyishwe kazi. Na wakati huo mimi nakuomba pesa ya boriti za mikoko za kubebea dari.

Nikukumbushe habari ya boriti, maana Ufaransa hamzitumii. Mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti, mikoko nayo iliingia humo, na wakataji wetu wakakaa barazani mikono mitupu. Boriti ikawa ya kutafutwa kama dawa. Na dari yetu unaijua: mkoko chini, mawe juu yake, halafu chokaa na kokoto zilizopondwa na watu waliokufa kabla ya babu kuzaliwa. Uzito ule wote umelala juu ya ncha zilizozama ukutani, na ukuta ukishika maji, ncha ndizo za kwanza kuoza. Ile ya tatu kutoka mlangoni, mle ndani kwa mama, ilikuwa imeshaanza kuinama. Alilala chini yake mpaka alipoondoka, hakutaka kuhamishwa. "Imenijua," alikuwa akisema.

Sasa nije kwenye ile hitma ya mama.

Watu wamemaliza kusoma, wanaume wamekaa kiwandani, ule uwanja wa ndani ya nyumba, haluwa inapita, kahawa inapita. Mimi niko mlangoni nahesabu vikombe. Wewe umefika jana yake, mchovu wa safari, na mimi moyo umefurika kwa kukuona tu. Nikakuona unainuka. Ukaenda kwenye ukuta wa chini ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ukatoa ufunguo mfukoni, ukakwaruza. Mbele za watu. Saruji ikadondoka kipande, vumbi la chumvi nyuma yake jeupe, ukacheka ukasema, "Nani huyu aliyemtia mama kaburini kabla ya siku yake?" Kisha ukaanza darsa.

Na yule fundi mzee aliyeipaka saruji ile alikuwa amekaa pale pale. Hukumtazama, au ulimtazama? Hilo ndilo ninalotaka kujua. Mzee ambaye alitufundisha mimi na wewe, na miguu yetu mitupu, kwamba chokaa iliyotoka tanuuni haiguswi mpaka imwagiwe maji, ichemke hadi ipoe, kisha ilazwe shimoni ishibe. Aliyekupa mwiko wako wa kwanza, ule wenye mpini uliofungwa kamba. Kila ulichokisema kuhusu chokaa siku ile, yeye alikisema kabla hujaota meno. Akaweka kikombe chini, hakikuwa kimeisha, akavaa kofia, akasema, "Mungu amrehemu," akatoka. Hajaingia tena nyumba hii. Akinikuta njiani ananisalimu, anapita.

Unadhani saruji aliitaka yeye? Nilimwita mimi. Mvua za masika zilikuwa zimeshaanza, maji yanatiririka ukutani, mama anakohoa. Yeye aliniambia wazi, "Mwanangu, hii haifai jiwe hili." Nikamuuliza, chokaa iko wapi? Aliyekuwa akichoma hachomi tena, ya kwenye mifuko inatoka bara, na hata ukiipata inataka kulazwa miezi. Saruji iko dukani, punda anaileta kabla ya adhuhuri. Akaipaka kwa kuwa nilimwomba na kwa kuwa mama alikuwa akikohoa. Ukuta ule ulikauka mwaka ule. Mama aliuona umekauka. Wewe hukuwepo kuuona, kwa hiyo usiniambie nilikosea.

Tena tusidanganyane, wanaoweza kupaka neru, ile chokaa laini ya kumalizia ukuta, siku hizi ni wenye fedha. Nenda Shela uone: nyumba zilizonunuliwa na Wazungu zina zidaka zinazong'aa kama mayai, mafundi wetu wamezipaka, na wenzetu waliowauzia wanaishi kwenye tofali. Tangu 2001 mji huu uko kwenye orodha ya UNESCO, urithi wa dunia nzima. Vizuri. Lakini usiku ule dari ilipovuja, dunia haikuja kunishikia ndoo.

Na kama kinachokuuma ni ile hiba, sema hiba, usiseme saruji. Mama alipewa nyumba hii na baba yake alipoolewa, kama walivyopewa mama zake kabla yake, naye akaniandikia mimi akiwa na akili zake, mashahidi wapo. Sikumwomba. Wewe ulipewa shamba na ukaliuza, na ndilo lililokupeleka huko, na mimi sikusema neno. Haya, wasomaji mtanisamehe, haya ni ya nyumbani.

Ushauri wangu ni huu, nami ni mkubwa wako kwa hiyo uupokee. Kama umeipenda kazi hii kweli, wala sina shaka umeipenda, nimeiona mikono yako kwenye picha imepasuka kama ya mtu wa kazi, basi njoo uifanye hapa. Hapa hakuna mchango wa kila siku. Utalala chumba cha juu na utakula mkate wa mofa. Ile saruji ibandue wewe mwenyewe, yote, sikuzuii. Mimi nilifanya la wakati ule kwa nilichokuwa nacho, na aliyekuwa mbali hana ushahidi wa kunipinga.

Ila kabla hujagusa ukuta nenda kwa mzee. Nenda baada ya alasiri, huwa yuko barazani kwake Langoni. Usiende na simu yenye picha. Usimweleze chokaa. Kaa, unywe utakachopewa, umwombe aje akusimamie, na akikukatalia siku ya kwanza urudi ya pili.

Njoo kaskazi, kuta zitakuwa kavu. Boriti zimeanza kupatikana, nimeshamwambia mwenye jahazi aniwekee nusu korija, yaani boriti kumi, zile nene. Anataka malipo ya mbele. Tuma kwa simu, usitume benki, benki wanakata sana.

Dadako