Barua kwa Baba, fundi mwashi: nimeyaona mawe ya Mycenae

Athens,
Jumapili jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama shikamoo, na salamu kwa wote waliopo hapo nyumbani Kilwa Masoko. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, hofu ni kwenu tu, hasa hilo goti lako. Sauti uliyonirekodia Ijumaa nimeisikiliza mara tatu. Niliyonayo leo hayaelezeki kwa simu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Mdogo wangu akusomee polepole, na picha nilizotia humu ziwe mbele yako. Nimeziandika namba kwa nyuma.

Bibi ninayemtunza alichukuliwa na mwanawe, nikapata siku nne za kupumzika. Ni yeye aliyenituma safari hii. Alikuwa mwalimu wa shule, na siku nilipomwambia natoka pwani ya Kilwa aliniambia kuna kitabu cha safari za baharini kilichoandikwa kwa Kigiriki karibu miaka 2,000 iliyopita, na pwani yetu imo. Mwandishi hajulikani jina. Anataja bandari iitwayo Rhapta, yenye pembe za ndovu na magamba ya kasa kwa wingi, iliyopewa jina hilo kwa sababu ya mashua zake za kushonwa. Bibi akanionyesha sindano yake: mpaka leo fundi cherehani huku huitwa raftis, neno lile lile. Nikamweleza mitepe uliyokuwa ukituhadithia, iliyoshonwa kwa kamba bila msumari. Akasema, "Basi babu zetu waliwaona babu zenu wakifanya kazi. Nawe nenda ukaone kazi ya babu zetu."

Nikaenda na rafiki yangu wa Mombasa anayefanya usafi hotelini. Basi hadi Nafplio ni saa mbili na ushee. Huo ni mji wa pwani wa mkoa wa Argolis, mkoa mdogo, uwanda wa michungwa uliozungukwa na vilima vya mawe matupu. Mwezi huu michungwa imechanua, na harufu yake huingia mpaka ndani ya basi, ukadhani mtu amevaa kikuba. Katika uwanda huo na vilima vyake yamejazana magofu ya kale ya Mycenae, Tiryns, Argos na Epidaurus, na hakuna panapozidi mwendo wa saa moja kutoka Nafplio.

Nianze na Mycenae, kwa kuwa hapo ndipo nilipokuita kwa sauti, watu wakageuka.

Baba, ukuta ule umepangwa kwa mawe ambayo mengine ni makubwa kama gari dogo, na katikati yake hakuna chokaa hata chembe. Wagiriki waliokuja karne nyingi baadaye walipoyatazama hawakuamini kuwa ni kazi ya watu. Wakasema wajenzi ni Cyclopes, majitu ya jicho moja. Nilikumbuka ulivyokuwa ukikasirika mtu akisema magofu ya Kilwa Kisiwani yamejengwa na majini. "Majini hawachomi chokaa," ulikuwa ukijibu. Na hapa pia yapo mawe yenye alama za kukatwa kwa msumeno na kutobolewa. Ni mikono ya watu.

Lango lao kuu ni la miaka kama 1,250 kabla ya Nabii Isa. Jiwe la lenta, lililolala juu ya mlango, peke yake lina tani 20 hivi. Sasa sikiliza walichokifanya juu yake, maana wewe utakielewa kuliko wale wote tuliokuwa nao pale. Hawakulitwisha lenta ule ukuta wa juu. Waliachia pembetatu tupu, mawe ya kulia na ya kushoto yakisogeleana kidogo kidogo mpaka yakakutana, ili uzito wote uteremke kwenye miimo. Kisha ile nafasi wakaiziba kwa bamba jembamba la jiwe, wakachonga simba wawili wamesimama, kila mmoja upande wake wa nguzo. Vichwa vya simba havipo, vilitengenezwa mbali vikapachikwa, na vimepotea. Kila mtu hupiga picha simba. Mimi nimekupigia pembetatu, picha namba 3, na ile ya karibu zaidi ni namba 4.

Nje ya ngome kidogo kuna jengo waliloliita hazina ya mfalme Atreus, ila kwa kweli ni kaburi. Unapita kwanza katika njia ya wazi ya mita 36, kuta za mawe huku na huku, unafika kwenye mlango mrefu kushinda nyumba yetu. Lenta ya ndani ya mlango huo inakisiwa tani 120. Ni malori kumi na mawili ya tani kumi kumi, Baba, katika jiwe moja, nao hawakuwa na winchi wala injini.

Ndani ni kuba. Upana mita 14 na nusu, urefu kwenda juu zaidi ya mita 13, mistari 33 ya mawe, kila mstari umetokeza ndani kidogo kuliko wa chini yake mpaka juu kabisa. Halafu ndani wakakata ncha zote zilizotokeza, ukapatikana mviringo laini kama ndani ya mtungi. Nje wakafukia udongo, na udongo ule ndio unaoyakandamiza mawe yasisogee. Kwa zaidi ya miaka 1,000 haikujengwa kuba pana kuliko hiyo, mpaka walipokuja Warumi na saruji yao. Nilisimama katikati nikawaza kuba za Msikiti Mkuu wa Kisiwani. Zetu zinashikwa na chokaa, na matumbawe yetu ni mepesi. Hii inashikwa na uzito wake yenyewe. Mafundi wa mbali namna hiyo, na kila mmoja alilijua jiwe la kwao lilivyo.

Ya dhahabu sitayarefusha. Mwaka 1876 Mjerumani Heinrich Schliemann alichimba ndani ya lango lile akakuta makaburi yenye vinyago vya dhahabu, akadhani mojawapo ni uso wa mfalme Agamemnon aliyepigana Troya. Kumbe kinyago ni cha zamani zaidi, karne kadhaa kabla ya vita hivyo vinavyosimuliwa. Nilikiona hapa Athens kwenye jumba la makumbusho. Ni kizuri, lakini hakikunikaa moyoni kama ile pembetatu.

Tiryns tulipita asubuhi moja, kilomita chache tu kutoka Nafplio, na wageni walikuwa wachache sana. Kuta zake ni nene hata ndani yake mna njia za kupita zilizoezekwa kwa mawe. Humo wachungaji waliwafungia kondoo kwa miaka mingi, na sufi zao zikaisugua kuta mpaka leo kimo cha kondoo kinang'aa kama sakafu iliyopigwa nta. Nilipitisha kiganja. Juu mawe yanakwaruza, chini yanateleza.

Nafplio wenyewe ulikuwa mji mkuu wa kwanza wa Ugiriki huru, kabla ya Athens kuchukua nafasi hiyo mwaka 1834. Mlimani iko ngome ya Palamidi, iliyojengwa na Waveneti, watu wa Venice ya Italia, kuanzia 1711 hadi 1714. Mwaka uliofuata tu Waturuki wakaiteka. Wenyeji husema ngazi zake ni 999. Rafiki yangu alipofika juu akaitazama minara ile iliyochongoka pembe akasema, "Hii si Fort Jesus hii?" Hakukosea sana. Fort Jesus ya 1593 Wareno walichorewa na Mwitaliano, na ufundi wa ngome za namna hiyo ulitoka kwa Waitaliano. Chini mjini kuna msikiti wa zamani wa Waturuki ambamo bunge la mapinduzi ya Wagiriki lilikaa. Mwingine uligeuzwa ukumbi wa maonyesho. Nilisimama mlangoni nikawasomea Fatiha waliokuwa wakiswali humo.

Siku ya mwisho tukaenda Epidaurus, na hapa naomba mdogo wangu asiharakishe.

Zamani palikuwa mahali pa wagonjwa. Watu walisafiri kutoka mbali kuja kwa Asklepios, mungu wao wa uponyaji, wakaoga, wakatoa sadaka, kisha wakalala katika jengo maalumu wakisubiri ndoto. Asubuhi walisimulia walichoota, na waliopona habari zao zilichongwa kwenye mawe. Mimi ninayekesha na mgonjwa kila usiku niliyatazama mabaki ya ukumbi ule wa kulala kwa muda mrefu.

Wagonjwa walijengewa pia ukumbi wa maigizo, karne ya 4 kabla ya Nabii Isa, kazi inayosemwa ni ya Polykleitos. Ngazi 55 za mawe zimelala kwenye mteremko wa kilima kama upepeo uliokunjuliwa, za kukaa watu kati ya 12,000 na 14,000, na zamani maigizo yalichezwa hapo bila vipaza sauti; mpaka leo huchezwa kila kiangazi. Mwaka 2007 watafiti wa chuo kimoja cha Marekani walieleza kuwa zile ngazi zenyewe huzima mvumo mzito, kama minong'ono ya watu na upepo, na kuirudisha sauti nyembamba kwa msikilizaji. Rafiki yangu akapanda hadi ngazi ya juu kabisa, akawa mdogo kama kidole. Mimi nikasimama kwenye jiwe la katikati, na bila kupaza sauti nikasema, "Baba, shikamoo." Kutoka kule juu likanijia jibu: "Marahaba!" Amekupokelea wewe.

Lakini lililonifanya niandike barua hii liko kwenye jumba dogo la makumbusho karibu na hapo. Ni mawe yaliyochongwa herufi ndogo ndogo, na mimi nilidhani ni sala. Kumbe ni hesabu za ujenzi wa hekalu la Asklepios. Theodotos, msimamizi wa jengo, analipwa drakma 353, fedha yao ya zamani, kwa mwaka, yaani karibu drakma 1 kwa siku. Timotheos, mchongaji, drakma 900. Na wengine wameandikwa pia: nani kachukua kazi ya kukata mawe, nani kuyasafirisha, na kwa fedha ngapi. Hekalu limebaki msingi tu, lakini majina yanasomeka.

Nilikaa kwenye benchi nikalia, Baba. Katika yote niliyowahi kusoma kuhusu ile kazi yenu ya Kisiwani, mlipoziba nyufa za msikiti na kupandisha tena ukuta wa ile ngome ya Gereza ulioliwa na bahari, sijaona jina la fundi hata mmoja. Nami mwanao nawajua wawili au watatu tu.

Basi nakuomba hivi. Jioni mkishaswali, mdogo wangu akae nawe na daftari. Mtajie wote: waliochoma chokaa, waliokata magogo ya tanuri, waliovusha mchanga na matumbawe kwa mashua, kina mama waliobeba maji, na yule mzee wa Kivinje aliyekufundisha kufunga tao. Na ujira wa siku uandikwe, kama unaukumbuka. Aliyekwisha kufariki aandikwe vile vile, na jina la baba yake. Usiseme huyu kazi yake ilikuwa ndogo. Kisha anipigie picha kurasa zote anitumie, nami nitaziandika upya kwa hati nzuri na kuzileta nikija likizo.

Picha namba 11 ndiyo jiwe lenyewe la hesabu. Fedha ya dawa ya goti nimetuma Jumatano, mwende kuichukua.

Binti yako akupendaye